Jezi ya Mwisho ya Kisigino

Jumanne, 4 Machi

Daftari hili lilikuwa la dawa zake. Kurasa kumi na mbili za mwanzo ni saa na vidonge, kwa mwandiko wangu wa haraka, na ukurasa wa kumi na tatu unaishia katikati. Nimeona ni dhambi kutupa karatasi nzuri. Basi nitaandika mengine, maana humu ndani sina wa kuzungumza naye. Mama anashona tu. Leo ni siku ya tisa tangu tumzike mdogo wangu, na cherehani haijanyamaza ila wakati wa kula, na kula kwenyewe ni kuonjaonja.

Nijitambulishe kwa nani? Haya, kwa karatasi. Mimi ndiye ninayefua jezi za timu, mwaka wa kumi na tisa huu. Wachezaji wananiita Shangazi, mashabiki hawaniiti kitu. Tulizaliwa wawili tu, mimi na marehemu. Alikuwa mshambuliaji, namba tisa, na mji mzima ulimwita Kisigino. Mama alimwita Kitinda. Mimi nilimwita we mtoto, mpaka siku anakata roho akiwa na miaka arobaini na mbili.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimefua vizibao vya mazoezi. Havikukauka.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimeona kituko. Dakika ya tisa ya mchezo, kinyozi, yule mwenye saluni mbele ya geti ambaye ndiye mwenyekiti wa tawi la mashabiki, alipuliza kipenga chake, na jukwaa zima likainama. Nikadhani kuna nyuki. Kumbe wanavua viatu. Kila mtu akavua kimoja, akakiinua juu, wakasimama hivyo dakika nzima, kimya, mvua inawanyeshea.

Kwa asiyejua: miaka kumi na moja iliyopita, uwanja huuhuu, tope hadi kwenye vifundo vya miguu, tulikuwa tunahitaji goli moja tusishuke daraja. Zimebaki dakika mbili. Mdogo wangu akapigiwa mpira, kiatu kikanasa kwenye tope, mguu wa kulia ukatoka na soksi, naye akiwa ameligeuzia lango mgongo. Akaupiga kwa kisigino. Mabeki wakamlilia mwamuzi, mwamuzi akasema sheria inaruhusu kama kiatu kimetoka mguuni kwa bahati mbaya. Goli. Kile kiatu hakikuonekana tena. Kila mwanaume wa mji huu anadai kiko nyumbani kwake. Mimi mwenyewe nimeshaonyeshwa sita, na vinne ni vya mguu wa kushoto.

Basi leo wanaume wazima walikuwa wanalia, viatu juu, soksi zimetoboka. Nami nimesimama mlangoni pa stoo na kapu langu, macho makavu. Nilikuwa nawaza: miezi mitano alilala chumba cha mbele, figo zimekufa, anavimba, anapungua, anavimba tena. Hakuna hata mmoja wenu aliyegonga mlango. Leo ndio mnavua viatu? Shenzi.

Tumefungwa mbili bila.

Jumapili, 9 Machi

Mama ameuliza kama watu walikuwa wengi. Nimesema wengi. Akauliza walilia? Nikasema kidogo. Akarudi kwenye cherehani. Anashona sare za shule, sketi arobaini, zote za bluu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemfumania mama.

Nieleze kwanza habari ya jezi. Ile jezi ya goli la kisigino mdogo wangu alikuja nayo nyumbani, na klabu haikudai. Ni ya kijani. Zamani klabu ilinunua jezi tupu bila namba, na mama ndiye aliyezikata namba kutoka kitambaa cheupe akazishonea mgongoni, moja moja. Ile tisa ni kazi ya mkono wake. Alipougua, mdogo wangu akarudi kuivaa. Mwanzoni niliifua. Wiki ya mwisho alikataa kuvuliwa, hata kwa kuogeshwa, ikabidi niwe nampitishia kitambaa chini yake. Alifia ndani ya jezi hiyo. Mama akamvua yeye mwenyewe, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akafunga mdomo wa mfuko kwa uzi wa cherehani. Niliponyoosha mkono kuichukua nikaifue, mazoea tu, alinipiga kofi mkononi.

Leo nimeingia chumbani kwake kutafuta mkasi. Nikamkuta ameketi kitandani, uzi umefunguliwa, mdomo wa mfuko umeachwa wazi upana wa vidole viwili, na pua yake ndani. Alishtuka utadhani nimemkuta anaiba sukari.

"Nikiifungua sana inakwisha," akasema.

"Bado ananuka?"

"Yupo. Yupo mzima."

"Nami ninuse, mama."

Akakaza uzi, akaupiga fundo mara mbili. "Harufu si kitu cha kugawana."

Nikachukua mkasi wangu nikatoka. Nina miaka arobaini na sita, na nimekwenda kulia chooni kwa sababu nimenyimwa.

Jumamosi, 22 Machi

Tumetoka sare. Viatu tena. Kinyozi amepoteza chake katika vurumai, amerudi nyumbani akichechemea na kimoja, watoto wanamzomea.

Alhamisi, 27 Machi

Kinyozi alikuja stoo. Nilikuwa napiga pasi. Akasimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuposa.

"Dada, habari za kazi?"

"Kazi hiyo unaiona."

Akakohoa. Akasema mchezo wa mwisho wa msimu ni tarehe tatu Mei, hapa nyumbani, na hali yetu kwenye msimamo wa ligi inajulikana, hata kipofu anaiona. Tawi limekaa kikao. Wanaomba ile jezi. Itundikwe nyuma ya benchi siku hiyo, wachezaji waione, watu waione. "Atatuokoa yeye," akasema.

Nikaweka pasi chini. Nilimmwagia yote. Nikamuuliza walikuwa wapi. Nikamuuliza kama anajua jinsi mtu wa figo anavyoomba maji na wewe unamnyima kwa sababu daktari amekataza. Nikamwambia viatu vyao wavipeleke wanakojua. Wachezaji wawili walikuwa wanapita, wakageuza njia.

Kinyozi hakujitetea. Alikaa juu ya beseni lililogeuzwa, akaanza kuongea akiangalia sakafu.

"Nilifika, dada. Mara tatu. Mara mbili niliishia kwenye kona. Mara ya tatu nilifika mlangoni kabisa, nimeinua mkono nigonge, nikamsikia anaomba maji. Sauti haikuwa yake. Nikageuka. Nilitaka abaki yule wa kisigino."

"Kwa hiyo ulijionea huruma."

"Ndiyo."

Nilitaka nimzabe kibao. Sikumzaba, na sababu naiandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Kuna siku jezi zilikuwa zimeshakauka saa nane, nami nikakaa hapahapa stoo mpaka jioni nikizikunja na kuzikunjua. Mama alikuwa naye peke yake. Sikutaka kwenda kuisikia sauti ileile ambayo kinyozi aliikimbia. Tofauti yetu ni kwamba mimi sikuwa na jinsi ya kutorudi.

Nikamwambia aende kumuomba mama mwenyewe.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumefungwa tena jana. Wa tatu kutoka mkiani. Nguo hazikauki, stoo inanuka ukungu.

Jumapili, 13 Aprili

Kinyozi amekuja nyumbani na wenzake wawili, fundi baiskeli na mwalimu mstaafu. Walileta maneno, wakaleta na mafua. Wakaketi kwenye benchi wamebanana, kila mmoja anasimulia goli lake. Fundi baiskeli akasema siku moja Kisigino alifunga kutoka katikati ya uwanja. Mwalimu akasema si katikati, ilikuwa nusu yetu wenyewe.

"Mwaka kesho mtasema alipigia hapa chumbani," mama akasema.

Wakacheka. Na mama akacheka. Nilisimama na birika mkononi, mdomo wazi. Nilikuwa nimesahau kwamba ana meno.

Wakaomba jezi. Kicheko kikakatika palepale.

"Nguo ya mwanangu si bendera," akasema, akakanyaga cherehani. Wakaaga.

Jumapili, 20 Aprili

Wamekuja tena. Hawakutaja jezi. Fundi baiskeli amepaka mafuta cherehani ya mama, sasa haipigi kelele. Mama anasema imekuwa bubu, haipendi.

Jumapili, 27 Aprili

Wamekuja sita. Mwalimu alilia katikati ya hadithi yake, akashindwa kuimaliza, na mama akammalizia, kwa sababu ameshaisikia wiki mbili mfululizo. Siwachukii tena watu hawa. Ningependa kuwachukia, ilikuwa inanipa nguvu.

Jumatano, 30 Aprili

Nimemshawishi mama. Mimi. Tusije tukasahau baadaye ni nani.

Nilimwambia itamfanya Kitinda aonekane kwa mara ya mwisho. Nilimwambia watu wale wamekuwa wema. Yote ni kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nilitaka ule mfuko utoke ndani ya nyumba, hata kwa siku moja. Kila jioni mama anajifungia nao. Mimi ninayepumua, ninayepika, ninayemkanda miguu, naambiwa nifunge mlango taratibu. Nimemwonea wivu mdogo wangu tangu alipozaliwa, na sasa namwonea wivu akiwa ndani ya nailoni.

Mama akaacha kushona. Halafu akahesabu kwa vidole.

"Isitolewe mfukoni. Asiivae mtu. Irudi siku hiyohiyo. Na wewe ndiye uishike, si kinyozi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Sina kingine cha kwake. Picha siioni vizuri, macho yamekwisha. Kaburi ni udongo. Hicho ndicho nilichobaki nacho."

"Nitairudisha kama ilivyo."

"Haya. Nimekukabidhi."

Jumamosi, 3 Mei

Tumebaki ligi. Moja bila.

Siwezi kuandika.

Jumapili, 4 Mei

Nijikaze niandike kwa mpangilio, labda nitaona mahali nilipokosea, ingawa kupaona hakutanirudishia kitu.

Mvua ilianza kabla ya mchezo. Kinyozi alisimika fimbo mbili nyuma ya benchi, akautundika mfuko katikati, nami nikakaa chini yake muda wote kama mlinzi wa benki. Wachezaji walipoingia kila mmoja aliugusa kwa kidole. Dakika ya tisa viatu vikapanda. Safari hii na mimi nilivua changu. Nilisimama na mguu ndani ya maji, kiatu juu, nikalia mpaka kamasi zikanitoka, na kinyozi akanishika bega. Dakika ya sabini na moja, yule kijana anayevaa namba tisa sasa hivi akafunga kwa goti. Goli baya kuliko yote niliyoyaona maishani mwangu. Mpira ulimgonga tu, yeye alikuwa anakwepa. Likahesabiwa.

Mwamuzi alipomaliza mchezo, watu wakamwagika uwanjani. Niliogopa wasije wakaunyakua mfuko, nikaufungua haraka kutoka kwenye fimbo, nikaukumbatia, nikakimbilia stoo. Huko nikaona umechanika ubavuni kwa kule kuning'inia, na maji yameanza kuingia. Nikaitoa jezi isilowe. Nilijua ni kinyume cha sharti la mama, lakini ningefanyaje? Ilikuwa kavu bado, pindo tu ndilo lililoguswa. Nikaikunja. Nikaiweka juu ya kapu la nguo chafu, dakika moja tu, nitafute mfuko mwingine.

Wakaingia wachezaji. Wanaimba, wamepakaa tope hadi masikioni, "Shangazi! Shangazi! Tumebaki!" Wakaninyanyua. Mimi, mtu mzima mwenye magoti mabovu, nikazungushwa juujuu chumba kizima. Jezi zinavuliwa, zinarushwa kwenye kapu kama kila Jumamosi. Nikacheka. Nataka niliandike hili wazi. Nilicheka, na katika kucheka nilimsahau. Si jezi tu. Yeye mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu afe, labda kwa robo saa, sikuwa na marehemu.

Na tope la uwanja wetu halisubiri mtu. Likikauka kwenye nguo halitoki tena, utasugua mpaka utoboe. Ndiyo maana kila Jumamosi, kabla wachezaji hawajamaliza kuoga, mimi huwa nimeshamimina kapu lote kwenye pipa la maji, sabuni ya unga na chumvi. Sifikirii. Miaka kumi na tisa mikono inajua njia yenyewe. Nikamimina. Nikakoroga kwa mti, nikawa naimba pamoja nao kutoka huku nje, wao wakiwa bafuni. Nikaanza kusugua. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne vidole vikapita juu ya uzi.

Namba za siku hizi zinabandikwa kwa pasi. Ukisugua ni laini, zinateleza. Hii ilikuwa na mshono. Nilijua kabla sijaangalia. Nilibaki nimeishika chini ya maji, siitoi, nikifikiri kwamba nisipoitoa bado haijatokea.

Nikaitoa. Nikaikamua. Nikaipeleka puani na povu lake. Nikaigeuza ndani, nikanusa makwapani, nikanusa kola, nikanusa mgongoni mahali alipokuwa analalia. Sabuni. Kila mahali sabuni.

Kinyozi alinikuta nimeketi sakafuni nimeipakata. Alikuwa amelewa furaha. Akaangalia jezi, akapiga makofi.

"Ala! Mbona imependeza! Kijani imerudi kama siku ile!"

Alidhani nimeifua kwa heshima. Kwake yeye jezi ilikuwa imekuwa bora zaidi. Halafu akaniona uso, akavua kofia.

Nikaenda nyumbani mkono mtupu. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amejifunika shuka.

"Iko wapi?"

"Kinyozi amebaki nayo. Wanapiga nayo picha. Jumatano ataileta."

"Nilisema wewe uishike."

"Najua, mama."

Akaniangalia. Akasema, "Haya," akaingia ndani. Hakuuliza hata matokeo.

Nimekaa tangu jana nikijiuliza swali moja. Mikono hii ilijua kila kitu, ilijua tope, ilijua sabuni, ilijua dakika ya kumimina. Inakuwaje haikujua hilo moja? Niliiweka mimi juu ya kapu. Palikuwa na msumari ukutani. Palikuwa na meza. Niliiweka juu ya kapu la nguo za kufua, mimi niliyenyimwa kunusa. Sitaki kuendelea na mawazo haya, na hayaniachi.

Jumatatu, 5 Mei

Jezi imekauka. Nimepata wazo, na najua ni wazo la mwendawazimu.

Tumetoka tumbo moja. Utotoni tulilala kitanda kimoja, shuka moja. Damu yake ndiyo yangu, hata daktari alisema hivyo alipotupima kama figo yangu ingemfaa, kabla hajaniambia kwamba presha yangu hainiruhusu kuitoa. Basi jasho je? Jasho linatofautiana kiasi gani?

Kwenye sanduku lake kulikuwa na robo chupa ya dawa ya kuchua, ile aliyojipaka magotini miaka yote. Nimeipaka kwenye kola na makwapani, kidogo. Halafu nimeivaa jezi ndani ya blauzi yangu. Nimefua nayo, nimepiga nayo pasi mlango ukiwa umefungwa, nimebeba nayo ndoo. Jioni sikuoga. Mama aliniangalia wakati wa kula, akaacha kijiko, akakichukua tena.

Jumanne, 6 Mei

Siku ya pili sijaoga. Kinyozi alikuja stoo, akasogea, akarudi nyuma hatua mbili. Nikamwambia ninachofanya. Sikuwa na mwingine wa kumwambia.

"Dada," akasema, "mwambie ukweli mama wa watu."

"Ukweli utaifanya inuke?"

"Hapana."

"Basi niache."

Hakwenda. Alikaa kwenye beseni lake, akanisaidia kukunja soksi, jozi kwa jozi, wala hakuziba pua.

Jumatano, 7 Mei

Nimeivua saa tisa alasiri. Nikaitia kwenye mfuko mpya, nikafunga mdomo kwa uzi wa cherehani, fundo mara mbili kama lake. Nikampelekea.

Alikuwa anashona. Akainua mguu kutoka kwenye kanyagio, akaupokea mfuko kwa mikono yote miwili, akaketi kitandani. Sikuambiwa nitoke. Alifungua upana wa vidole viwili, akaingiza pua. Nilikuwa naangalia mabega yake. Yalipanda, yakashuka. Akafunga mfuko. Akaufungua tena, akavuta pumzi kwa muda mrefu, macho yamefumbwa.

"Umeivaa siku ngapi?"

"Mbili, mama. Na leo nusu."

"Uliifua lini?"

"Jumamosi."

"Kwa sabuni ya unga."

"Ndiyo, mama."

Nikasubiri anitukane. Mama yangu ana mdomo, mtaa mzima unamjua, ameshawahi kumtoa mbio mtoza kodi. Nilitamani anitukane, aniambie nimefanya makusudi, ili nami nijue. Nikapiga magoti palepale, nikaanza kueleza, mfuko ulichanika, wachezaji waliingia, tope halisubiri. Hakusikiliza. Alikuwa anaupapasa mfuko.

"Wewe nakujua," akasema. "Unanuka hivi tangu siku ya kwanza waliyokuweka kifuani pangu. Hata nikufiche katikati ya watu mia nitakutoa."

Nikalia kwa sauti. Miaka arobaini na sita sikujua kwamba ananijua. Kama ningeambiwa neno hilo mwezi mmoja tu nyuma, labda ningeutafuta msumari, ningeiweka ile jezi mbali na kapu. Sijui. Limekuja wakati ambapo siwezi hata kulifurahia.

"Inuka," akasema. "Keti hapa."

Nikaketi karibu naye. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Yeye ndiye ameanza kunitoka. Siku hizi nne nimekuwa namtafuta kichwani. Jumapili bado alikuwepo. Jana nilipata dawa ya kuchua tu. Leo asubuhi hata hiyo sikuipata." Akanibana mkono. "Lakini wewe ulikuwa naye. Mimi mgongo ulikuwa hauniruhusu kumwinua, wewe ndiye uliyekuwa unamwogesha. Niambie. Mwanangu alinukaje?"

"Jasho, mama," nikasema. "Jasho la mpira. Na ile dawa. Na nyasi kidogo."

"Hiyo ni ya mchezaji yeyote. Hao wote unaowafulia wananuka hivyo. Nakuuliza ya mwanangu."

Nikafumba macho. Nikamtafuta. Nilimwona vizuri kabisa, shingo yake ilivyokuwa imekonda, lile kovu dogo nyuma ya sikio, mkono wake ulivyokuwa unanishika bega nikimwinua kutoka kwenye beseni, mzito, unatetemeka. Nilimsikia akinitania, akisema namsugua kama nasugua jezi. Vyote vilikuja. Nikainama juu yake kichwani mwangu, nikavuta pumzi, na hapakuwa na kitu.

Mama alisubiri. Alikuwa amenigeuzia uso, sikio karibu na mdomo wangu, mfuko umelala magotini pake.

"Sema taratibu tu," akasema. "Sina haraka."

Nilimwogesha kila asubuhi kwa miezi mitano, kuanzia utosini mpaka vidole vya miguu, na kila asubuhi nilihakikisha hanuki kitu.